Sabufa Nayo Inataka Hewa, Jamani

Mwanza saa nane mchana, nyumba ya bati isiyo na siling'i bodi, baba mwenye nyumba kavua shati anajipepea na kipande cha boksi. Sabufa je? Imebanwa kwenye kona ya kabati, mgongo umegusa ukuta. Juu yake king'amuzi, juu ya king'amuzi kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Matundu yote yamezibwa! Ikianza kuvuma "mmmm" bila muziki, eti fundi kabadilisha vifaa.

Mle ndani kuna vikopo vidogo, kapasita, vyenye majimaji. Joto linayakausha, ndipo huo mvumo unapoanza. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri unakatika nusu. Kapasita ya 85°C iliyopewa saa 1,000 kwenye joto hilo, ikikaa kwenye nyuzi 65 hufika kama saa 4,000. Wewe unapiga bongofleva saa nane kwa siku: mwaka na miezi minne, kwisha habari. Ya 105°C yenye saa 2,000, kwenye nyuzi hizohizo 65, inakwenda saa 32,000, karibu miaka 11. Lakini mteja anabembeleza awekewe ya bei rahisi. Haya.

Kapasita iliyochoka huvimba kichwani. Kuigusa, chomoa waya kwanza, na usijifanye shujaa: zile kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, fundi azipime volti kabla ya kutia mkono. Mpya iwe na mikrofaradi (kipimo cha umeme inaoweza kutunza) zilezile, volti sawa au zaidi, na mstari wa hasi, ule uliochorwa ubavuni, usigeuzwe. Ikigeuzwa inapasuka, mtaa mzima wa Mabatini mtakimbia.

Sabufa inayozima yenyewe kisha ikarudi ikipoa, hiyo aisii, kile kipande kinachokuza sauti, imechemka: grisi ya kupitisha joto kati yake na bati la kupooza imekauka, au vumbi na wale wadudu wa ziwani wamejaa matundu. Brashi kavu, grisi mpya kiduchu, iache sentimita 10 nyuma na pembeni. King'amuzi kishuke.

Halafu nyie wa kufungulia sauti mpaka mwisho kwenye kipaimara cha mtoto, muziki unakwaruza na hamsikii! Koili ya spika ndiyo inaungua hapo. Ukisikia harufu ya vanishi, usiulize habari za kapasita. Tafuta hela ya spika.