Oksidi, yaani kiwanja cha metali na oksijeni, iliyopungukiwa oksijeni ikibanwa, usumaku hupanda au hushuka?

Wanaosema hupanda wana hoja nzito. Atomi zikisogeleana, elektroni huvuka kwa urahisi zaidi kati ya metali na metali kupitia oksijeni iliyo katikati, na mpangilio wa sumaku hustahimili joto kubwa zaidi. Kwa kanuni ya Bloch, inayohusisha ujazo na usumaku, ujazo ukipungua asilimia 1, nguvu inayofungamanisha sumaku za atomi jirani huongezeka kama asilimia 3.3. Chukua SrCoO2.5, oksidi ya strontiamu na kobalti, ambamo sumaku za atomi jirani hupingana hadi karibu kelvini 570. GPa 1 (gigapaskali, yaani MPa 1,000 za mgandamizo) ikipunguza ujazo wake kwa asilimia 0.8, tutarajie nyongeza ya kelvini kama 15. Na GPa 1 si mchezo: kwenye kina kikubwa cha Ziwa Victoria, mita kama 80, maji hubana kwa MPa 0.8 tu.

Wapinzani wao hushika suala la spini, yaani usumaku wa elektroni za ayoni, atomi yenye chaji. Ayoni ya spini ndogo huchukua nafasi ndogo, kwa hiyo mgandamizo huipendelea. Katika SrFeO2, oksidi ya strontiamu na chuma, karibu na GPa 33, spini ya chuma hushuka kutoka 2 hadi 1. Lakini hapohapo kihami hugeuka kipitishi cha umeme, na sumaku zilizopingana huelekea upande mmoja. Sasa huko ni kupanda au kushuka?

Nisichokubali ni dai kwamba kubana ni sawa na kurudisha oksijeni iliyokosekana. Ni kweli vyote viwili husinyaza fuwele. Ila oksijeni inayoingia huondoa elektroni kwenye kobalti. Jeki inayobana sampuli haiondoi hata moja.

Ndiyo maana kiasi cha oksijeni kipimwe kwanza, kazi inayowezekana hata kwenye maabara ya kawaida ya kemia hapa Mwanza. Yeyusha miligramu 50 za SrCoO2.5 katika asidi ya haidrokloriki yenye potasiamu ayodaidi ya kuzidi, chini ya naitrojeni, ili oksidi itoe ayodini, kisha titresha, yaani dondoshea kwa kipimo hadi ayodini iishe, kwa sodiamu thiosalfeti ya moli 0.01 kwa lita. Wanga wa muhogo uliochemshwa na kuchujwa unafaa kuwa kiashiria. Badiliko la oksijeni la 0.01 kwa kila kobalti ni mililita 0.54 kwenye bureti. Kwenye mizani ni miligramu 0.04 tu. Hewa ikipenya, huzalisha ayodini ya ziada, na sampuli yenye upungufu itaonekana imeshiba. Ayodini ikivukiza, kosa hugeuka upande wa pili. Andika pia tanuri lililochoma sampuli lilikuwa wapi: Mwanza, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ya hewani ni kama asilimia 88 ya ile ya Dar es Salaam. Athari yake ni ndogo, lakini iandikwe.

Kwenye kubana kwenyewe, mafuta yanayozunguka sampuli hupoteza takriban GPa 0.15 hadi 0.2 yakipoozwa. Kwa hiyo, ili kupima mgandamizo halisi kwenye baridi, weka ndani kipande cha bati, ambalo bila kubanwa huanza kupitisha umeme bila ukinzani kwenye kelvini 3.72, na joto hilo hushuka karibu kelvini 0.5 kwa kila GPa. Anayenukuu mgandamizo uliosomwa kwenye jeki katika joto la chumba ana grafu iliyohama kabla hata ya kuanza kubishana.