Mimi Si Shabiki wa Tottenham

Naomba nilitamke jambo hili kwa utulivu na mbele ya mashahidi: timu ninayoishabikia inaitwa San Antonio Spurs, inatoka Texas huko Marekani, inacheza mpira wa kikapu, na haina undugu wowote, wa damu wala wa kunyonya ziwa moja, na Tottenham Hotspur ya London, ile timu ya soka ambayo nayo kwa kifupi huitwa Spurs. Nimelisema hilo kijiweni kwetu Magomeni kwa zaidi ya miaka 20. Nimelisema nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi, nimelisema nikiwa na kashata mdomoni, na ipo siku nililisema katikati ya matanga, jambo ambalo mke wangu hajanisamehe mpaka leo. Hata hivyo, kila Tottenham wanapofungwa, fundi cherehani wa mtaa wetu huacha nguo za watu kwenye mashine, huvuka barabara, na kuja kunipa pole.

Mwaka 2014 San Antonio waliichapa Miami Heat michezo 4 kwa 1 na kutwaa ubingwa wao wa 5, kwa kupasiana mpira namna ambayo nikiikumbuka nywele zinanisimama, lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenipongeza, kwa kuwa msimu huo Tottenham walimaliza nafasi ya 6. Mwaka 2019 Tottenham walipolala mabao 2-0 mbele ya Liverpool katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, nilipokea pole nyingi kuliko nilizopokea nilipovunjika mguu. Halafu ikaja Mei 2025. Mwanzoni mwa mwezi huo kocha Gregg Popovich, aliyeishika timu yetu tangu Desemba 1996 na kujikusanyia ushindi 1,422 wa msimu wa kawaida, idadi ambayo hakuna kocha mwingine wa NBA, ligi ile ya kikapu ya Marekani, aliyewahi kuifikia, alitangaza kuliachia benchi. Nikiwa bado katika majonzi hayo, fundi cherehani akanijia mbio na futi yake shingoni, akanikumbatia: Tottenham wameifunga Manchester United 1-0 kule Bilbao na kubeba kombe la Ligi ya Europa. Kijiwe kizima kikasimama. Muuza kahawa akanimiminia kikombe cha bure. Nilikinywa. Katika maisha yangu yote ya ushabiki hiyo ndiyo mara pekee niliyopongezwa, na sikuona sababu ya kuiharibu shughuli ya watu.

Mimi sikatai timu yangu kukosolewa. Ninachoomba ni kwamba anayeikosoa awe amewahi kuitazama, na kuitazama si kazi ndogo. Mchezo unaoanza saa 1 jioni kule San Antonio katika miezi yao ya baridi, huku kwetu huanza saa 10 alfajiri, na msimu wa kawaida una michezo 82. Jirani yangu, ambaye dirisha lake linatazamana na langu, alipata kunisifu mbele ya watu kwamba nimekuwa mcha Mungu, maana taa yangu huwaka kabla ya adhana na sauti yangu husikika ikiomba kwa uchungu. Sikumweleza kwamba niliyekuwa nikimwomba ni beki mmoja aliyekuwa hataki kurudi kuzuia. Sasa mtu ambaye saa hiyo amelala fofofo, anaamka saa 1, anapangusa macho, anasoma matokeo kwenye simu, na ikifika saa 2 amekwisha kuwa mchambuzi.

Bingwa wa uchambuzi wa aina hiyo ni shemeji yangu. Msimu wa 2022/23 San Antonio walishinda michezo 22 na kupoteza 60, na sina haja ya kuficha, kwa kuwa yeye hakuniacha nifiche. Aliniuliza, mbele ya watu, "Shemeji, sasa ndiyo mnashuka daraja?" Nikamjibu kwamba ligi ile haina utaratibu wa kushuka daraja. Akatafakari. "Sasa anayeshika mkia hufanywaje?" Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba nina mgonjwa wa kwenda kumwona. Badala yake nikamweleza ukweli wote: timu zilizokosa kuingia katika mtoano huwekwa kwenye bahati nasibu ya kuchagua wachezaji chipukizi, na msimu huo timu 3 zilizofanya vibaya kupita zote ndizo zilizokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchagua kwanza, asilimia 14 kila moja.

"Yaani mnafungwa mara 60," akasema polepole, kama hakimu anayemsomea mshtakiwa maelezo yake, "halafu mnapewa zawadi?"

Nikasema si zawadi, ni njia ya kuisawazisha ligi ili wenye nguvu wasitawale milele. Akasema kwamba mwanawe amepata sifuri ya hesabu na shule haijampa baiskeli. Watu walicheka mpaka muuza kahawa akaliweka birika chini, na tangu siku hiyo kila mtoto anayefeli mtihani mtaani kwetu huambiwa asihuzunike, kwani kuna timu huko Marekani inayothamini kipaji cha namna hiyo.

Kilichoniponza zaidi ni kwamba bahati nasibu ile ilituangukia sisi. Tukamchagua Victor Wembanyama, Mfaransa wa miaka 19 ambaye baba yake ana asili ya Kongo, kijana wa mita 2.24 anayekokota mpira na kutupa kutoka mbali kama kwamba hajaambiwa urefu wake. Nilikwenda kijiweni nikitembea kama mtu aliyekabidhiwa hati ya kiwanja. Msimu uliofuata tukapoteza michezo 18 mfululizo, na tulipofika mwisho tulikuwa na ushindi 22 na vipigo 60, tarakimu zilezile, kama kwamba tulizinakili kwenye daftari la mwaka uliotangulia. Shemeji safari hii hakusema neno. Aliniagizia kahawa, akalipa, akanipigapiga begani. Kwamba kijana yule alichaguliwa kuwa mchezaji bora chipukizi wa mwaka bila kukosa kura hata moja, na kwamba aliongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo, ni habari niliyojisimulia mwenyewe nikirudi nyumbani.

Yupo pia mzee mmoja, mwashi mstaafu, mwenye nadharia kwamba mpira wa kikapu ni urefu tu. "Ningeipeleka minazi yangu ya Bagamoyo," husema, "na kombe ningelileta." Kwa kuwa ni mtu mzima, humpa shikamoo kwanza ndipo nikaanza kubishana naye. Nilimkumbusha kwamba nchi yetu yenyewe ina ushahidi: mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa hapahapa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi ile na mwenye heshima yake kwa hilo, alichaguliwa wa 2 akiwa na mita 2.21, na aliyechaguliwa wa 7 siku hiyohiyo, mfupi kwake kwa kichwa na shingo, alikuwa Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa ligi ile. Nikaendelea na wetu. Tony Parker alichaguliwa wa 28 mwaka 2001. Manu Ginóbili, yule Muargentina, mwaka 1999 alichaguliwa wa 57 kati ya watu 58, yaani alibaki mtu mmoja tu orodha iishe, naye akaja kutwaa ubingwa mara 4. Mzee alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo wa 57 ana urefu gani?" Ginóbili ana mita 1.98. Nikamwambia mzee kahawa yake inapoa.

Vijana nao wana ugonjwa wao. Wao huujua mpira wa kikapu kwa vipande vya nusu dakika kwenye simu, ambamo kila mtu anaruka, anaining'inia ringi na kupiga kelele, na kwa kipimo hicho Tim Duncan anaonekana kama karani aliyepotea njia akielekea ofisini. Wanasema alikuwa anachosha. Mtu aliyecheza misimu 19, yote San Antonio, akachukua ubingwa mara 5! Kazi yake ilikuwa kusimama upande wa kushoto wa kikapu, kutulia kama anayepapasa mfuko akitafuta funguo, kisha kuugongesha mpira ubaoni, nao ukaingia bila kumsumbua mtu. Adui alijua atafanya nini, mashabiki walijua, muuza soda alijua, na bado ukaingia. Nimejaribu mtupo huo mara nyingi katika viwanja vya Don Bosco pale Upanga nilipokuwa na magoti, na ninathibitisha kwamba ubao una pembe zake na si kila mtu huzijua. Katika kumtetea nikamsimulia kijana mmoja kwamba Duncan hakuanza na kikapu. Alikuwa mwogeleaji huko kwao St. Croix, mpaka kimbunga Hugo kilipoliharibu bwawa lao mwaka 1989. Kijana akaitazama simu yake, akanitazama mimi. "Kwa hiyo anko, timu yako yote imejengwa na kimbunga?"

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nimewaambia watu maana kwa miaka 20 na ushee, na nimeanza kuhisi kwamba wahenga nao walikuwa na timu.

Basi mwezi uliopita akaja mpwa wangu kwa likizo, binti wa kidato cha tatu anayecheza kikapu shuleni kwao Tanga. Alfajiri ya kwanza nilimkuta sebuleni amejifunga kanga, televisheni imewashwa kwa sauti ya chini, ananiuliza, "Mjomba, mbona umechelewa? Robo ya kwanza inaisha." Machozi yalinilenga. Jumapili shemeji, fundi cherehani na yule mzee walipokuja kuketi barazani kwangu, nilimwita akae nasi, na kwa nusu saa nilistarehe kama mtu aliyepata wakili. Alimweleza shemeji habari ya bahati nasibu kwa mfano wa kugawa mirathi, na shemeji akatikisa kichwa kwa kukubali. Alimwambia mzee, kwa upole na "babu" nyingi, kwamba mnazi haujui kurudi kuzuia. Alimwonyesha fundi cherehani kwamba Tottenham ni wale wa jogoo aliyesimama juu ya mpira, na sisi ni wale wa chuma cha kisigino anachovaa mpanda farasi, fundi akasema, "Kumbe!" Nilingoja neno hilo kwa miaka 20.

"Lakini mjomba," binti akasema, "kuna jambo moja sijalielewa. Fainali ya mwaka 2013 dhidi ya Miami Heat, mchezo wa 6, kule kwao. Mnaongoza michezo 3 kwa 2. Zimebaki sekunde 28, mko mbele kwa pointi 5, na wameshaanza kuleta kamba ya kuuzungushia uwanja ili mkabidhiwe kombe. LeBron James wao akatupa ya pointi 3, ikaingia. Nanyi mkaongeza pointi 1 ya mtupo huru. Akatupa nyingine, ikakosa, Chris Bosh akaidaka ribaundi, akampasia Ray Allen pale kona, ikawa sare zikiwa zimebaki sekunde 5.2, na mwisho mkafungwa katika muda wa nyongeza. Ribaundi ile ilikuwa ya Duncan. Kwa nini Duncan alikuwa amekalishwa benchi?"

Baraza lote likanyamaza. Shemeji akakiweka kikombe chini.

Majibu ninayo. Nimeyaandaa tangu asubuhi ile ya Jumatano ya Juni 2013, nilipofika kazini saa 3 nikiwa na soksi za rangi mbili: kwamba kocha alitaka watu wepesi wa kuwakimbilia watupaji wa mbali, kwamba Ginóbili na Kawhi Leonard kila mmoja alikosa mtupo huru mmoja katika sekunde zilezile, kwamba mwaka uliofuata tuliwalipa. Nayajua yote kwa mpangilio. Yakafika kooni, yakakaa hapo.

Nikamgeukia fundi cherehani, nikamuuliza kama wiki hii Tottenham wanacheza Jumamosi au Jumapili.