Shemeji na Njia ya Oodnadatta

Mwaka 2025 shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitoka Mbeya kuja kututembelea Adelaide, Australia, akiwa na vitu viwili: maparachichi sita ya Rungwe, ambayo maafisa wa uwanja wa ndege waliyachukua bila huruma, na hamu ya kuliona Ziwa Eyre, ambayo kwa bahati mbaya hawakuichukua. Kati Thanda, kama Waarabana, wenyeji wa asili wa huko, wanavyoliita ziwa hilo, liko takriban mita 15 chini ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi huwa ni chumvi tupu. Mwaka huo lilikuwa limepata maji ya mafuriko ya Machi kule jimbo la Queensland, yaliyotembea jangwani zaidi ya kilomita 1,000 bila haraka yoyote. Shemeji alisema kwamba kama maji yameweza kufika, na sisi tutafika.

Nilikodi gari dogo la saluni na kutia sahihi mkataba unaokataza kutoka kwenye lami. Mhudumu aliponiuliza tunakwenda wapi, nilijibu, "Hapa hapa Adelaide." Shemeji hakuusikia uongo huo, kwani alikuwa nje akilipiga gari picha.

Njia ya Oodnadatta, ambayo ndiyo tuliyokusudia kuifuata kwenda ziwani, huanzia kijiji cha Marree na kuishia Marla, kilomita zipatazo 620 za udongo na changarawe, ikifuata reli ya zamani. Tangu tulipotoka nyumbani shemeji alikuwa akijifunza kulitamka jina hilo, na kufikia Marree alikuwa amepitia Odinadita, Udanadata na jingine ambalo kwa Kinyakyusa lingeleta ugomvi. Pale Marree kuna ubao mkubwa unaowaeleza wasafiri njia ipi imefungwa na ipi iko wazi. Mvua ilikuwa imenyesha siku chache kabla, na ubao ulisema njia yetu ni ya magari yanayovuta kwa magurudumu manne pekee.

"Letu lina manne, shemeji," akasema. "Nimeyahesabu." Yeye ni mhasibu, na mimi nilikuwa nimeshalipia mafuta, sikubisha.

Baada ya saa moja na nusu tulikuta kijito kimeikata njia. Hapo, naomba niaminiwe, tulifanya jambo la busara. Shemeji alikunja suruali, akachukua tawi kavu, akavuka kwa miguu na kurudi na taarifa kamili: maji yanafika juu kidogo ya goti, sentimita 52. Nikaamua kwamba tunarudi. Ili nigeuze, nililisogeza gari pembeni, mahali palipokuwa peupe na pakavu kabisa. Ule ukavu ulikuwa kama utando wa uji wa ulezi uliopoa: juu umeganda, chini bado uji. Magurudumu ya mbele yalizama taratibu, kwa adabu.

Shemeji alijitolea kusukuma. Kila hatua udongo ulinasa kwenye ndala zake, juu yake ukanasa mwingine, hata akawa mrefu kuniliko kwa mara ya kwanza tangu niposee kwao. Nilipokanyaga mafuta, magurudumu yalimrushia tope kuanzia paji la uso hadi magotini, yakaacha macho tu. Kwetu shemeji hachekwi usoni, kwa hiyo niliinamisha kichwa kwenye usukani ili nicheke kwa siri, na honi ikalia.

"Naona umefurahi, shemeji," akasema.

Tulikaa saa tatu na nzi wa jangwa, ambao hawabagui mgeni, mpaka alipotokea mama mmoja mzee wa ranchi, na mbwa wake nyuma ya pikapu. Aliuliza kama tuliusoma ubao. Shemeji akaeleza hesabu yake ya magurudumu. Mama akalitazama gari kwa muda, akasema yeye anayaona mawili tu. Alipokuwa akifunga kamba alitueleza kwamba wakaidi kama sisi huacha makorongo ambayo udongo ukikauka huwa magumu kama saruji, na greda hufika huko kwa nadra. Alituvuta kinyumenyume kama ng'ombe anayetolewa kwenye josho.

Ziwa hatukuliona. Kabla ya kurudisha gari tuliliosha mara tatu, mara ya mwisho kwa mswaki. Mhudumu alilizunguka, akaridhika, kisha akagonga upinde wa gurudumu kwa kidole. Pande la tope jeupe, kubwa kama chapati, lilidondoka kwenye sakafu safi.

"Hili limetoka wapi?" akauliza taratibu.

Nilikuwa nimeshaanza kueleza kuhusu ukarabati wa barabara mtaani kwetu. Lakini shemeji, aliyekuwa na wiki mbili bila kuelewa neno la Mwaustralia yeyote, safari hii alikuwa ameelewa sentensi nzima. Uso ulimng'aa, akasogea mbele na kutamka, kwa sauti na bila kosa hata moja: "Oodnadatta."