"Ana makombe mangapi?"

Juzi kazini, wakati wa chai, jamaa mmoja alinikata maneno: "Huyo Lockett wako ana makombe mangapi?" Tony Lockett, mfungaji wa soka la Australia (AFL, mpira wa yai), hana hata moja. Meza nzima ikaangua kicheko. Nimerudi nyumbani na hasira zangu, nazimalizia hapa.

Lockett alitokea North Ballarat, klabu ya mji wa dhahabu, akaingia St Kilda mwaka 1983. Mnaikumbuka St Kilda ile? Iliburuta mkia 1983, 1984, 1985 na 1986. Minne mfululizo! Mwaka 1987 yeye akafunga mabao 117 na kutwaa Brownlow, medali ya mchezaji bora wa msimu, sawa na John Platten. Tangu lini mshambuliaji anayesubiri mipira langoni akapewa Brownlow? Ile ni ya viungo, wanaokimbia mechi nzima.

Mwaka 1995 akahamia Sydney. Na Sydney nayo ilikuwa imetoka kuburuta mkia misimu mitatu! Wenzake huhama kufuata kombe. Huyu alifuata shida. Msimu wa pili tu wakafika nusu fainali na Essendon: pointi sawa, king'ora kimelia, nyonga inamuuma, mpira mkononi mwake. Akapiga kutoka mbali, ukapita kando ya nguzo za kati. Ndani ya nguzo hizo ni bao, pointi sita; kando ni pointi moja. Ikatosha kuwapeleka fainali. Huko North Melbourne wakawachapa, lakini kati ya mabao ya Sydney, sita yalikuwa yake. Mlitaka akakabe pia?

Haya, alikuwa mkorofi. Mwaka 1994 alimvunja pua Peter Caven, mchezaji wa Sydney, akafungiwa mechi nane, na hilo simtetei.

Ila kuna hili la nguruwe. Mwaka 1993, katika uwanja wa SCG wa Sydney, mtu alimwachia nguruwe mbio uwanjani, ubavuni kachorwa namba 4, jezi ya Lockett. Kejeli kwa unene wake. Tarehe 6 Juni 1999, uwanja uleule, akafunga bao la 1300 na kuivunja rekodi ya mabao ya Gordon Coventry iliyodumu tangu 1937. Maelfu wakaruka uzio kwenda kumgusa. Alistaafu na mabao 1360.

Coventry alikuwa wa klabu ya Collingwood, na siku ile waliofungwa walikuwa Collingwood. Jamaa yangu wa chai, nilisahau kuwaambia, ni Collingwood damu. Kesho nitakaa karibu naye.