Kezilahabi hakuua ushairi, tumsome kwanza

Kila ukizuka mjadala wa vina na mizani lazima Euphrase Kezilahabi apigwe mawe, eti ndiye profesa aliyetuharibia ushairi wa Kiswahili, na mara nyingi anayemlaumu alisoma shairi lake mojamoja shuleni akajibia mtihani basi. Mi naona mwalimu yule hajaeleweka. Ila wanaomlaumu nao wana hoja, tena sio ndogo.

Pwani walikuwa na utungo wao karne na karne, mshairi Muyaka kule Mombasa alijibizana na watu kwa mashairi na watu wakayashika kichwani, Sheikh Amri Abeid akaja kuziandika sheria zenyewe mwaka 1954. Halafu 1974 anatokea msomi wa Ukerewe aliyepikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anatoa Kichomi, mashairi yasiyojali vina wala mizani, na wasomi wenzake wanayapokea. Watu wa UKUTA, chama cha washairi, waliona wanaporwa mali yao na wenye digrii. Na kweli shairi huru halishikiki kichwani kirahisi wala haliimbiki kama tarbia, lile shairi la mistari minne kila ubeti, hilo silibishi.

Sasa mbona hatusemi kwamba Kezilahabi huyuhuyu tasnifu yake ya umahiri, 1976, aliifanya juu ya Shaaban Robert? Yani miaka miwili tu baada ya Kichomi bado kakaa na mzee wa mapokeo anamchambua. Mtu anayedharau mapokeo hafanyi hivyo. Wala hakuwa peke yake, Ebrahim Hussein alishaandika bila vina tangu mwishoni mwa miaka ya 60, na washairi wasomi Mulokozi na Kahigi nao waliitetea njia hiyo. Kezilahabi alikuwa Mkerewe, amekulia Namagondo kwenye lugha nyingine na nyimbo zake, na Kiswahili kilishakuwa cha watu wa bara pia, hivi hao walipaswa waombe ruhusa kwa nani ili walete pumzi zao kwenye ushairi?

Ukimcheki kwenye riwaya ndo utamwelewa zaidi. Rosa Mistika, 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa madai ya matusi, wakati mle ndani kuna Zakaria, baba mlevi anayempiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, anamchunga kwa fimbo mpaka binti akifika bwenini hajui kabisa aishi vipi na wanaume. Wazazi wangapi walihitaji kukisoma kile kitabu kipindi kile? Kimekuja kuruhusiwa baadaye na leo kinafundishwa.

Kinachoniuma mimi ni tasnifu yake ya udaktari. Aliimaliza 1985 Wisconsin, Marekani, na humo anahoji hii tabia ya kuisoma fasihi ya Kiafrika kwa vipimo vya Ulaya, anataka tuanzie kwenye falsafa yetu wenyewe. Kazi yote hiyo ipo kwa Kiingereza. Hapa wapinzani wake wana haki ya kumuuliza, maana mwalimu wa sekondari wa Kiswahili kule Bunda au Newala anafundisha mashairi ya Kezilahabi bila kuwahi kuona hoja iliyo nyuma yake, anabaki na mstari mmoja wa notisi kwamba shairi huru halifuati vina, mwanafunzi anakariri hivyohivyo. Kezilahabi akaja kutuletea riwaya za Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 90, vitabu vyembamba lakini vizito kweli, watu wakasema anaandikia maprofesa wenzake, kisha akaenda kufundisha Botswana. Sasa nani angekaa na msomaji wa kawaida amfafanulie?

Hata hivyo lawama hiyo mi simbebeshi yeye peke yake. Amefariki Januari 2020, wanafunzi aliowafundisha na waliofundishwa na hao wamejaa kwenye idara za Kiswahili, wanamnukuu kwenye makala zao kila siku. Tasnifu ile itafsiriwe, hata sura mbili tatu za kuanzia, ziwekwe mahali mwalimu wa Newala atazipata bure, ndo tuje tugombane na Kezilahabi mwenyewe badala ya kugombana na notisi.