Wakitutajia mapipa, watutajie na shaka zao

Tangu kisima cha Ngamia-1 kitoe mafuta Turkana mwaka 2012, sisi wa Lamu tunaahidiwa neema kwa hesabu ya mapipa ya mafuta ya Lokichar, bonde la Turkana lenye kisima hicho, yatakayofika bandarini kwetu kwa bomba. Hesabu hizo hutoka kwenye modeli ya kompyuta, na anayeombwa ardhi au bahari yake kwa ajili ya mafuta hayo ana haki ya kujua hesabu inavyopatikana.

Mafuta hayakujaa shimoni kama ziwa. Yamo ndani ya vitundu vya mwamba, kama unyevu ulivyo ndani ya mawe ya matumbawe ya kuta zetu za Mkomani. Programu huugawa mwamba vijisanduku, pengine mamilioni, kisha hukadiria mafuta yatakavyohama kutoka kimoja hadi kingine kwa kanuni ya Mfaransa Henry Darcy ya mwaka 1856, aliyoipata akipima maji yanavyopenya mchangani.

Kanuni ni imara, ila visima ni vichache, na baina ya kisima na kisima wahandisi hujaza kwa makisio. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, huganda yakipoa, na mpango ni kuyasukuma kwa maji. Maji hayo yatapita wapi kwanza? Kisima kikishatoa mafuta, modeli hurekebishwa mpaka ilingane na yaliyotokea. Hapo ndipo penye hatari: modeli mbili zaweza kulingana sawasawa na ya jana, kisha zikatofautiana vibaya juu ya kesho. Na kugundua si kufaidi: baharini kwetu, kisima cha Mbawa-1 mwaka huohuo wa 2012 kilipata gesi, lakini si ya kutosha biashara.

Kwa hiyo anayekuja barazani na takwimu moja asikubaliwe. Alete makadirio ya chini, ya kati na ya juu, na aseme amekisia nini. Wavuvi wetu, waliopewa na Mahakama Kuu shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, wanajua gharama ya mipango inayopangwa bila wao.

Na data zitolewe. Mwaka 2018 Equinor, kampuni ya mafuta ya Norwei, ilitoa bure data za eneo lake la mafuta la Volve, na OPM Flow, programu ya kuendeshea modeli kama hizi, haina malipo. Serikali ikizitoa za Lokichar, vijana wa vyuo vyetu wataweza kuendesha modeli yao na kuuliza maswali yanayostahili kabla bomba halijatandazwa.