Nyumba njema si mlango, mjomba

Idi ya juzi mjomba wangu aliingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, akatoka na kesi. Pilau hata hakuliulizia. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akanyoosha kidole chini ya mlango wa uani.

"Mwanangu, tundu hili ni la nini?"

"La Chausiku, mjomba."

"Chausiku ndiye nani?"

Kama aliyeitwa, Chausiku akasukuma kilango chake kwa paji la uso, akaingia, akapita katikati ya miguu ya mjomba bila salamu, akajinyoosha sakafuni. Nyuma yake kilango kikabembea, tak, tak, tak, kikatulia.

Basi Idi yetu tukaila kwa mawaidha. Mlango ule ni wa mninga. Marehemu babu alizifuata mbao zake mwenyewe Handeni, akazileta hapa Tanga, enzi ambazo mninga ulikuwa mninga. Seremala alikaa nao wiki mbili. Jua na mvua za miaka yote hiyo hazijaupinda. "Leo wewe, msomi wetu, umeutoboa kwa ajili ya paka! Uzungu huu mtaufikisha wapi?" Wageni wakacheka. Shangazi akatikisa kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. Mimi nikanyamaza, maana mjomba hajibiwi mbele ya sinia. Nimekuja kumjibu hapa, ambako najua hasomi.

Kwanza mjue nilikotoka. Kwa miaka miwili Chausiku alikuwa na njia yake, dirisha la jikoni. Nondo hazimsumbui, anapita kama moshi. Kilichokuwa kikimzuia ni wavu wa mbu, na wavu wa mbu mbele ya kucha za paka ni karatasi tu. Nimebadilisha wavu ule mara nne. Mara ya nne fundi alinicheka waziwazi, akaniuliza kama ningependa kumwajiri kwa mwezi. Nikaamua kulifunga dirisha, na hapo ndipo nilipoijua saa tisa ya usiku. Paka analia nje. Unaamka, unafungua komeo la juu, unafungua la chini, unazungusha ufunguo, unavuta mlango. Anakutazama. Anakaa chini. Anajiramba mguu. Ukifunga, anaanza upya. Akiingia, baada ya nusu saa anataka kutoka. Nilikuwa nafika kazini macho mekundu, wenzangu wakadhani nimejifungua kimyakimya.

Anayeniambia kuhusu heshima ya mlango na afungue kwanza makomeo mawili usiku wa manane kwa ajili ya kiumbe ambaye bado hajaamua kama anaingia au haingii.

Hoja yangu yenyewe ni moja, na nitaisema kwa kirefu kwa kuwa pale kwenye sinia sikupewa nafasi. Kwetu hakuna anayefuga paka kwa urembo. Na aliyeniletea Chausiku ni nani? Mjomba huyohuyo! Alimleta ndani ya kikapu cha ukindu, hajazidi embe dodo, siku nilipolalamika kwamba panya wametoboa gunia la mchele. "Chukua huyu, mwanangu, habari za panya utazisahau." Na kweli nimezisahau. Wapo panya buku kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, nao nawapa heshima yao. Wa kwangu walikuwa wamehitimu kunusa unga tu. Sumu siweki ndani, kwa sababu zile tunazonunua sokoni nyingi hazimuui panya papo hapo. Anazurura nayo siku kadhaa, amelegea, na paka akimla, sumu imehamia kwa paka. Kwa hiyo kazi yote ni ya Chausiku peke yake.

Na kazi yake ni ya usiku, ya ndani na ya nje. Panya haishi jikoni. Anaishi kwenye banda la kuni na kule mtaroni, jikoni anakuja kula. Ukimfungia paka ndani, banda la kuni ni lao, watazaana humo mpaka basi. Ukimfungia nje, jikoni ni kwao. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya, ila hawakutuambia matilaba hayo atayafikiaje mlango ukiwa umekomewa. Tunaweka mlinzi, tunamwambia azunguke usiku kucha, halafu tunamfungia stoo na ufunguo tunautia mfukoni. Asubuhi tukikuta mchele umetapakaa, tunasema paka huyu mvivu, anakula bure. Hapo ndipo ninapochomeka. Tunaitaka kazi ya paka, lakini njia ya kuifanyia kazi hiyo tunaiona ni deko. Paka wa nyumba haingwa, tunajisemea, na kila magharibi tunamwinga kwa komeo.

Mjomba ni mtu wa msikitini, safu ya mbele. Anaijua kuliko mimi habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhini. Ni hadithi sahihi, Bukhari anayo na Muslim anayo. Mimi huwa naganda kwenye yale maneno ya mwisho. Mama yule hakulaumiwa kwa chakula peke yake. Angemfungulia tu, paka angejilisha. Na iko ile nyingine, ya sahaba Abu Qatada kumwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, mkaza mwanawe Kabsha akimtazama kwa mshangao. Akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukia ninyi. Anayezunguka anahitaji pa kupitia. Hapa sitanii. Usiku ule wa masika, mvua imeshika, nikamsikia analia chini ya mchirizi, sikuwa nikiwaza habari za mninga.

Ama huo Uzungu, mjomba, Wazungu nao wana habari yao. Kwenye kanisa kuu la Exeter, Uingereza, mwaka 1598 maseremala walilipwa peni 8 watoboe tundu mlangoni kwa ajili ya paka wa askofu. Mlango ule unaingia kwenye chumba cha mitambo ya saa kubwa, mitambo iliyokuwa ikipakwa mafuta ya wanyama, na panya wakiyafuata mafuta. Kumbe shida yao ndiyo yangu! Na tangu karne ya 14 paka wa pale alikuwa na posho yake kwenye daftari la hesabu, peni 13 kila robo mwaka. (Wale mnaopenda kusimulia kwamba kilango cha paka kilibuniwa na mwanasayansi Isaac Newton, Newton alizaliwa mwaka 1642. Tundu la Exeter lilikuwa na miaka 44.) Ikiwa askofu alitoboa mlango wa kanisa, huu wa kwetu wa kwenda chooni na kuanikia nguo una utukufu gani?

Lakini sisi watu wa pwani na milango, acha tu. Nenda Unguja, Mji Mkongwe, ukaitazame ile milango ya nakshi yenye misumari ya shaba iliyochongoka. Wanaotembeza wageni husimulia kwamba mtindo huo asili yake Bara Hindi, wa kuzuia tembo wasisukume mlango. Unguja haina tembo. Kwa hiyo tuko tayari kugharamia misumari kwa ajili ya mnyama asiyekuwepo, ila tundu la paka aliyepo, anayelia hapo nje, ni uharibifu wa mali.

Fundi naye alikuwa na lake. Nilipomwonyesha mlango aliuliza mara tatu. "Dada, una uhakika? Mwenye nyumba ana habari?" Mwenye nyumba ni mimi, nikamwambia. Akatoka nje akapiga simu, sijui kwa nani. Aliporudi akataka kutoboa katikati kabisa ya paneli, eti ndipo patapendeza. Nikamwita Chausiku aje apimwe, maana tundu hili linapimwa kwa paka: mabega yake ndiyo upana, na usawa wa tumbo lake ndipo ukingo wa chini unapokaa. Ukiliweka juu sana anaruka, anakwaruza mbao, mwisho anasusa. Sisi tulipata upana sentimita 17, urefu 18, na ukingo wa chini sentimita 12 kutoka sakafuni. Akatoboa pembe nne kwa keekee, akapitisha msumeno, akapiga msasa, akapaka dawa ya mchwa pale palipokatwa. Mninga unajitetea wenyewe, lakini sikutaka kumpa mjomba hoja ya pili. Kama mlango wako ni flashi, hii iliyo tupu ndani, usikate ukaacha hivyohivyo. Zungushia fremu ya mbao ndani ya tundu, la sivyo panya unaowakimbia watapanga humo humo mlangoni.

Vilango vya dukani niliviulizia bei, nikashukuru, nikakata simu. Viko hadi vya betri, vinavyosoma chipu iliyo chini ya ngozi ya paka, visimfungulie paka mwingine. Changu ni plastiki ngumu inayoonyesha, masalia ya fundi mabango. Bawaba za kawaida zinafunguka upande mmoja tu, nacho kinatakiwa kiende ndani na nje, kwa hiyo fundi akakitundika kwa spoku ya baiskeli. Hapo nilimkubali. Chini akatia sumaku za mlango wa kabati kisipeperushwe na upepo. Siku tatu za mwanzo tulikifunga kwa uzi kikae wazi, dagaa tukaweka upande wa pili, kisha nikawa nakishusha kidogo kidogo. Siku ya nane akakisukuma mwenyewe. Akatoka, akaingia, akatoka tena, akaingia, kama mtoto aliyeonyeshwa swichi ya taa.

Wezi, alisema mjomba. Hapa nampa nusu, na asitarajie zaidi. Mwizi mwenye mabega ya sentimita 17 simwogopi. Ila mkono. Wezi wetu wanavua suruali dirishani kwa mti wenye ndoano, komeo litawashindaje? Jumatatu baada ya Idi nililala kifudifudi uani, juu ya saruji, nikaingiza mkono tunduni mpaka begani. Vidole viligusa komeo la chini. Jioni ile likahamishiwa juu, na ufunguo siku hizi hauachwi kwenye kitasa. Mjomba sijamwambia.

Mbu? Wanaopenya pembeni ya kilango sikatai kwamba wapo, lakini nimeishi na wavu uliochanwa mara nne, najua mbu wengi ni wangapi. Nyoka? Nyoka akitaka kuingia anapita chini ya mlango, kwenye ule mwanya wa vidole viwili ambao umekuwepo tangu enzi za babu na hakuna mjomba aliyewahi kuutolea mawaidha. Na wewe uliyepanga, mlango si wako, omba ruhusa kwanza. Wenye nyumba nawajua.

Tatizo la kweli hata hakulitaja mtu. Ni dume la jirani, la manjano, sikio moja limechanika, ambalo limeshaijua siri ya sumaku. Linaingia adhuhuri, wakati Chausiku amelala juu ya kabati. Linakula dagaa wake, linakunywa maji, linatoka, tak, tak, tak. Chausiku anafumbua jicho moja, anafumba. Mlinzi wangu huyo. Tena mwezi uliopita aliniletea panya mzima mzima, hai, akamwachia sebuleni wakati wa taarifa ya habari, kisha akaenda kulala. Hayo nayameza. Silalamiki mbele ya mjomba.

Mjomba ambaye, kila anapokwenda kuposa upande wa pili, hasahau kutia ile methali yake: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anaisema vizuri, kwa madaha, mpaka wenye binti wanaitikia. Chausiku hajawahi kuisikia.

Kile kipande kilichokatwa sikukitupa. Kipo juu ya kabati la vyombo, sentimita 17 kwa 18, mninga mtupu wa Handeni, kikavu, hakina mchwa hata mmoja. Mjomba akikihitaji aje akichukue, na kile kikapu chake cha ukindu bado ninacho.